Taa ya Namba Tatu

"Umeita tena!"

Mlango wa chumba cha tatu ulipiga ukuta, na mhudumu akasimama kizingitini, mikono kiunoni, akihema. Alikuwa mwanamke wa miraba minne mwenye viatu vizito, na hatua zake zilisikika korido nzima kabla hajafika. Mgonjwa aliyelala kitandani alikwisha kumpa jina zamani: Kishindo.

"Sijaita," alisema mgonjwa.

"Taa yako inawaka pale mezani. Nimeiona kwa macho yangu haya."

"Basi rudi ukaiuguze hiyo taa. Mimi sijakuita."

Kishindo alikitazama kitufe kilichokuwa ukutani, kando ya mto. Vitufe vya wodi ile ukivibonyeza hubaki ndani mpaka mtu avibonyeze tena kuvifyatua, na muda wote huo kengele hulia koridoni na taa ya chumba chako huwaka kwenye ubao ulio juu ya meza ya wahudumu. Kitufe cha namba tatu kilikuwa nje. Hakikuguswa.

"Umekifyatua uliponisikia nakuja," alisema Kishindo. "Michezo yenu naijua."

"Na hiyo kengele inayolia hadi sasa?"

"Hiyo ni ya namba tano. Mmeita wawili. Tofauti ni kwamba mwenzako anaumwa, wewe unacheza."

Akageuka na kuubamiza mlango. Mgonjwa alisikiliza vile viatu vikienda chumba cha tano, kengele ikanyamaza, kisha vikarudi mezani. Akasikia pia sauti ya Kishindo ikimwambia mtu, bila hata kujisumbua kunong'ona: "Si nimekwambia? Nimerudi taa yake imezimika. Bi Kengele huyo. Atatuua kwa presha."

Mambo yenyewe yalikuwa hivyo kila siku, tena mara nyingi kwa siku. Namba moja akiita, taa ya moja na ya tatu zinawaka. Namba sita akiita, ya sita na ya tatu. Wahudumu hawakujiuliza ni mgonjwa gani huyo mwenye bahati ya kubonyeza kitufe kila mara sekunde ileile ambayo mwenzake anabonyeza. Hawakujiuliza kwa sababu jibu walikuwa nalo mkononi na lilikuwa linawatosha: bibi kizee msumbufu. Ukishampata mtu wa kumlaumu, akili hupumzika.

Na laiti wangemjua waliyekuwa wakimlaumu!

Mtaani kwake aliitwa Mama Pasi, kwa kuwa alikuwa dobi, na si dobi wa kubabaisha. Mikono yake ilikuwa na alama za moto kuanzia kiganja hadi kwenye kiwiko, kumbukumbu za pasi ya mkaa aliyoishika tangu akiwa msichana. Mumewe alipomwacha na watoto wachanga na kutokomea, wifi zake walikaa wakisubiri aje kupiga magoti. Walisubiri mpaka wakachoka. Mama Pasi alifua nguo za mtaa mzima, akasomesha, akajenga vyumba viwili na uzio wa bati, na hakuna mtu aliyeweza kusimama hadharani akasema, "Yule nilimsaidia mimi." Akibeba karai la shuka zilizolowa, kijana akamwambia, "Nikushikie, mama?" yeye humjibu, "Kwani umeona limenishinda?"

Siku aliyoteleza kwenye maji ya sabuni uani kwake na nyonga kuvunjika, alijikokota kwa viwiko hadi kwenye jiko, akaipua pasi isije ikaunguza shati la mtu, ndipo akakubali kwamba ameanguka. Hata hapo hakupiga kelele. Jirani alimkuta amejiegemeza ukutani, uso umejaa jasho. Akamuuliza, "Kuna nini, Mama Pasi?" Akajibu, "Hakuna kitu. Nenda kamwite binti yangu, ukipata nafasi."

Huyo ndiye waliyempa jina la Bi Kengele.

Kitufe chenyewe kilimkera tangu siku ya kwanza. Alipohamishiwa chumba kile baada ya upasuaji, kengele ya namba tatu ilikuwa haifanyi kazi, akaletwa fundi umeme wa hospitali. Watu walimwita Shoti, na mwenyewe alilipenda jina hilo, akidhani linatokana na kazi yake; wote wengine walijua linatokana na hasira zake. Shoti alifungua ubao wa taa koridoni, na kwa kuwa mlango ulikuwa wazi Mama Pasi alimwona kutoka kitandani akipekua waya, akipima hapa na pale kwa mita yake ndogo inayolia piii, akisonya. Akakata kitu kidogo cheusi, akakitupa kwenye ndoo ya taka, akaunga waya, akazungusha tepu. Akakaza na skurubu moja iliyokuwa inacheza. Halafu akaja chumbani.

"Bonyeza, bibi."

"Bonyeza mwenyewe. Mimi sina shida."

Shoti akabonyeza. Kengele ikalia, taa ya namba tatu ikawaka, yenyewe peke yake, safi kabisa. Akafyatua, akakusanya vyombo vyake, akaenda zake akipiga mluzi. Hakwenda chumba cha pili, wala cha nne. Alikuwa ameitwa kutengeneza namba tatu, na namba tatu ilikuwa inafanya kazi.

Tangu siku hiyo hakuna mkono mwingine uliogusa kitufe kile. Mama Pasi aliapa moyoni kwamba hatakigusa. Maji alikunywa yakiletwa. Haja alisubiri mpaka wapite na chombo. Usiku mguu ukimvuta hadi machozi yanamtoka, aliuma ncha ya shuka. Na hizo shuka zenyewe zilikuwa adhabu. Hazikusuuzwa vizuri, povu lilikaukia ndani yake, zikawa ngumu, zikawasha mgongo. Dobi wa umri wote ule, amelazwa juu ya shuka ambayo yeye angeona aibu kuianika hata nyuma ya nyumba! Nalo pia alilinyamazia.

Wagonjwa wenzake nao walimgeuka. Namba tano, mwanamke aliyefungwa bendeji kifuani, alikuwa akipiga ukuta kwa kijiko.

"Wewe namba tatu! Kwa nini nikiita nawe unaita?"

"Siiti!"

"Mhudumu anaanza kwako, anagombana na wewe, mimi huku nakata roho! Una roho gani wewe mwanamke?"

"Na wewe una masikio gani? Nimesema siiti!"

Lakini maneno hayakupenya ukuta ule kama kijiko kilivyopenya.

Bintiye alikuja siku ya kutazama wagonjwa, na kabla hajaingia chumbani msimamizi wa wodi alimvuta pembeni. Mama Pasi aliwaona kupitia mlango ulioachwa wazi kidogo: msimamizi akizungumza kwa mikono, bintiye akiinamisha kichwa kama mwanafunzi aliyekamatwa. Huyu msimamizi alikuwa mwanamke mrefu, nadhifu, wa kutabasamu kwa meno tu. Aliingia nyuma ya bintiye, akasimama miguuni pa kitanda.

"Mama," alisema bintiye taratibu, "wanasema unawasumbua."

"Wanasema."

"Wanasema unaita kila mara, wakija unakataa. Mama, hawa watu wana kazi nyingi. Kama unataka mtu wa kuzungumza naye, nitakuja zaidi. Lakini usitutie aibu."

Mama Pasi alimtazama mwanawe. Huyu alikuwa mtoto ambaye yeye alimfulia sare kila jioni, akazipasi kila alfajiri, asije akachekwa.

"Wewe umenijua mimi tangu lini?"

"Mama, sijaja kugombana."

"Nakuuliza. Umewahi kunisikia nikimwita mtu? Nilipokuzaa wewe nilimwita nani?"

Bintiye alimgeukia msimamizi, msimamizi akamjibu kwa lile tabasamu la meno. "Wazee wengi hubadilika wakilazwa," alisema kwa upole. "Ni kawaida. Hata wao wenyewe hawajui kama wanafanya."

"Kwani kilichovunjika ni kichwa, au ni nyonga?" Mama Pasi aliuliza.

Bintiye aliacha mfuko wa machungwa juu ya meza ndogo na kuondoka na macho mekundu. Alikuwa amemwamini mtu aliyemjua kwa dakika kumi kuliko mtu aliyemjua maisha yake yote, kwa sababu moja tu: nyuma ya msimamizi kulikuwa na ubao wa taa. Mtu akisema hapana na taa ikisema ndiyo, taa ndiyo inayoaminiwa. Hasa mtu mwenyewe akiwa mzee, tena mwanamke, tena dobi.

Siku iliyofuata, mchana, ndipo kiapo kilipovunjika.

Mama Pasi alijaribu kulifikia chungwa. Lilikuwa limebingirika hadi ukingo wa meza, na kumwomba mtu amsogezee lilikuwa jambo la aibu, kwa hiyo alijivuta, akanyoosha mkono, akajivuta tena, na godoro likamtelezesha. Alijikuta nusu kitandani nusu hewani, mguu wenye vyuma umekunjamana chini yake, mkono mmoja umeshika fito za kitanda. Maumivu yakampanda hadi kwenye meno. Na pale, kwa mara ya kwanza, alinyoosha kidole na kubonyeza kitufe.

Kengele ikalia.

Koridoni, mezani, Kishindo alikuwa akikunja shuka. Akainua macho. Taa ya namba tatu ilikuwa inawaka. Hiyo tu; hapakuwa na taa nyingine. Angekuwa mtu wa kutazama, angeshangaa kwamba kwa mara ya kwanza taa ile imewaka bila mwenzake. Lakini yeye aliona jambo jingine.

"Leo hata kisingizio hana," alimwambia mwenzake. "Mwache alie. Akichoka atakifyatua mwenyewe."

Wakaendelea kukunja. Kengele ikalia, ikalia, mpaka masikio yakaizoea. Mikono ya Mama Pasi ikaachia fito, akashuka sakafuni kwa uzito wake wote, akalala pale ubavu kwenye saruji baridi, huku ile kengele aliyoapa kutoigusa ikilia koridoni kama inamcheka. Aliyemkuta ni mgawaji wa chakula alipoingia na sinia.

Basi mtu angedhani kuwa hapo msimamizi angeona haya. Angekuja, angekaa kwenye kiti, angesema: tumekosa. Thubutu! Mgonjwa alipokwisha kuinuliwa na kupigwa picha, na daktari kuonekana kuridhika kwamba vyuma havikuhama, msimamizi alikuja kesho yake na Kishindo nyuma yake, akasimama palepale miguuni pa kitanda.

"Unaona sasa, mama? Umetufundisha kutoiamini kengele yako. Ungekuwa unaita kwa haki, tungekuja mbio."

"Niliita kwa haki."

"Mara moja, baada ya mara mia za uongo."

"Kwa hiyo kosa la kuanguka ni langu."

"Sijasema kosa. Nasema tumeamua kukitoa hicho kitufe. Wahudumu watakuwa wanapita kukutazama."

"Mnanikatia kengele." Mama Pasi alisema taratibu, kama anayetaka kuhakikisha amesikia vizuri. "Jana nimelala chini nikiita hamkuja. Leo dawa yake ni kwamba nisiite kabisa."

"Ni kwa faida ya wagonjwa wote."

"Na nikianguka tena?"

"Usishuke kitandani," alisema Kishindo.

Mama Pasi alikitazama kitufe. Kwa mara ya kwanza alikuwa anaogopa. Juzi alikuwa mtu asiyehitaji kengele. Leo alijua jinsi saruji ilivyo baridi, na alijua kuwa mguu ule hautambeba, na kwamba kati yake na watu kulikuwa na kile kidude cha plastiki tu. Hicho ndicho walichokuja kukichukua.

Shoti alifika akiwa amenuna, kwani alikuwa ameitwa akila. Akachomoa bisibisi, akafungua kibati cha ukutani, akakata waya mbili, akazifunika kila moja kwa tepu yake nyeusi na kuzisukuma ndani ya tundu. Kitufe kikabaki kiganjani mwake, vipande vya waya vikining'inia kama mikia.

"Nipe hicho," alisema Mama Pasi.

"Cha nini, bibi? Hakifanyi kazi tena."

"Nataka nikumbuke hospitali yenu."

Shoti alicheka puani, akamrushia kitufe mapajani, akafunika tundu kwa kibati kitupu. "Haya, mpigie nani sijui," alisema, akatoka.

Kazi ile ilikwisha kabla ya saa ya dawa. Mama Pasi alilala akikigeuzageuza kile kitufe. Kilikuwa chepesi, cha ovyo, hata mtoto asingekilia. Akakifumbata ngumi.

Kengele ikalia.

Aliisikia kama anavyoisikia kila siku. Mtu ameita, mahali fulani. Halafu akasikia kitu kingine: kiti kikisukumwa nyuma kwa ghafla, na sauti ya Kishindo ikipaa.

"Haiwezekani! Haiwezekani hata kidogo! Njooni mwone! Msimamizi! Njoo uone, ameunganisha waya!"

"Nani ameunganisha waya?"

"Huyu Bi Kengele! Taa yake hii inawaka! Ametoa tepu kwa meno!"

Viatu vizito, viatu vyepesi, na nyuma yao malapa ya Shoti aliyekuwa hajamaliza kukusanya vyombo vyake koridoni. Mlango ukapiga ukuta. Waliingia wote watatu, Kishindo mbele, kidole kimenyooka.

"Bibi, wewe ni mchawi au ni kichaa? Umeambiwa—"

Mama Pasi alikuwa ameinua mkono wake wenye alama za moto na kuufumbua polepole. Kitufe kilikuwa kiganjani, na mikia yake ya waya ikining'inia hewani, haijashika kitu.

Koridoni kengele ilikuwa bado inalia.

"Nani ameita?" aliuliza Mama Pasi.

Kishindo alirudi hatua moja, akauchungulia ubao koridoni.

"Nawauliza ninyi wenye taa. Nani ameita?"

"Na... namba mbili nayo inawaka," alisema Kishindo. "Mbili na tatu."

Shoti aliwapita bila kuomba njia. Akafungua kile kibati, akamulika kwa tochi. Waya mbili zilikuwa palepale, kila moja na tepu yake, kama alivyoziacha. Akazigusa kwa ncha ya kidole, kana kwamba haamini macho yake. Kisha akatoka, na kwa mlango uliokuwa wazi Mama Pasi alimwona akiufungua ule ubao, akiinama, akitulia kimya kwa muda mrefu kuliko fundi yeyote anavyotakiwa kutulia. Shingo yake ilikuwa imeanza kutoa jasho.

"Fundi," aliita msimamizi, sasa bila lile tabasamu. "Tatizo ni nini?"

"Kuna... waya moja tu ya kurekebisha. Kitu kidogo."

"Njoo ukiseme hapa," alisema Mama Pasi. "Walikuja kunitukana hapa. Njoo ukiseme hapahapa."

"Bibi, ni mambo ya umeme, hutaelewa."

"Nimeelewa kukatiwa. Nitaelewa na hilo."

Alikuja, kwa sababu msimamizi alimwita kwa kidole. Mkononi alikuwa na kidude cheusi alichokitoa mkobani, kidogo kuliko punje ya mahindi, chenye mstari mweupe upande mmoja na waya nyembamba huku na huku.

"Hii ni daiodi," alisema akitazama sakafu. "Kila chumba kina waya yake inayowasha taa yake. Lakini kengele ni moja, vyumba vyote vinatumia kengele hiyohiyo. Kwa hiyo waya za vyumba vyote zinakutana kwenye kengele. Sasa zikikutana hivihivi, umeme wa chumba cha pili ukifika kwenye kengele unaweza kurudi kwa mlango wa nyuma ukaingia waya ya chumba kingine na kuwasha taa isiyo yake. Ndiyo maana kila waya kabla ya kufika kwenye kengele inapita kwenye daiodi. Hii inaruhusu umeme kwenda upande mmoja tu. Kwenda, ndiyo. Kurudi, hapana."

"Na ya chumba changu?"

"Niliitoa."

"Ile uliyoitupa kwenye ndoo."

"Niliipima, mita haikulia. Nikajua imeungua. Nikaunga waya moja kwa moja."

"Ulipima pande zote mbili?" Aliyeuliza ni msimamizi, na si kwa ujuzi, alikuwa amesikia sekunde hiyo tu kwamba kuna pande.

Shoti alikigeuza kile kidude kati ya vidole. Hiki kitu kazi yake ni kukataa upande mmoja. Ukikipima kwa upande huo kitanyamaza kama maiti, na fundi mwenye haraka, mwenye njaa na mwenye jina la kulinda atakizika kikiwa hai. Kumbe ugonjwa wa kengele ulikuwa ile skurubu iliyolegea.

"Upande mmoja," alisema hatimaye. "Baadaye nikajaribu kitufe, kikafanya kazi."

"Ukajaribu changu tu."

"Chako ndicho kilichokuwa kibovu."

"Kwa hiyo changu kikawa kizima," alisema Mama Pasi, "na kila mtu akiita, wanakuja kunitukana mimi. Wao wanabonyeza, mimi nashtakiwa. Mpaka siku nilipobonyeza mwenyewe, nikaachwa chini kama gunia."

Kengele ilikuwa bado inalia. Ndipo Kishindo alipokumbuka kwamba kuna mgonjwa chumba cha pili, akatoka mbio, na kwa mara ya kwanza viatu vyake vilisikika kama vya mtu anayekimbia kitu.

Msimamizi alijikohoza. "Basi, mama. Imeonekana ni hitilafu ya mitambo. Tunashukuru hakuna aliyeumia. Yaishe."

"Hakuna aliyeumia?"

"Namaanisha vyuma havikuhama."

"Ulimwambia mwanangu kichwa changu kimeharibika."

"Sikusema hivyo."

"Ulisema nimebadilika, sijui ninachofanya. Kwa hiyo usiniambie mimi yaishe. Mpigie simu. Sasa hivi, mbele yangu, na usiseme mitambo. Sema: mama yako hakuwahi kuita."

"Mama, taratibu za hospitali—"

"Taratibu gani zilikuruhusu kumwambia uongo na zinakukataza kumwambia kweli?"

Msimamizi alimtazama Shoti kama vile ndiye aliyeyasema maneno hayo, akatoa simu. Alizungumza kwa kifupi, uso kaugeuzia dirishani. Sauti ya upande wa pili ilisikika kidogo, ikauliza kitu, ikauliza tena, halafu ikanyamaza. "Anasema anakuja," alisema msimamizi. "Anasema umsamehe."

"Akija nitamjibu mwenyewe."

Shoti alichomeka daiodi mpya mahali pake, safari hii akiipima huku na huku kama mtu anayegeuza samaki kwenye moto. Akarudisha kitufe ukutani. Kisha alipita vyumba vyote, kimoja baada ya kingine, akibonyeza na kupiga kelele kutoka ndani, "Ipi?" na Kishindo akimjibu kutoka mezani: "Moja peke yake!" "Mbili peke yake!" "Nne!" Mama Pasi alisikiliza macho yakiwa yamefumbwa. Alipofika chumba cha tano kijiko hakikugonga ukuta.

"Wewe namba tatu," ilisema sauti kule ng'ambo baadaye, ya chini kidogo kuliko ilivyozoeleka. "Kumbe siyo wewe."

"Kumbe," alijibu Mama Pasi, na akaona hilo linamtosha.

Shoti alipita mlangoni na mkoba wake begani, akasita, akafungua kinywa.

"Nenda kamalizie chakula chako," Mama Pasi alimwambia kabla hajasema kitu. "Kimeshapoa."

Chumba kikatulia. Mama Pasi alikitazama kile kitufe pale ukutani kwa muda mrefu. Mgongo ulikuwa unamwasha. Maisha yake yote aliamini kwamba anayeita amejishusha, na wifi zake waliokaa wakisubiri ndio waliomfundisha hivyo. Leo alikuwa amewaona watu wakihaha kumnyang'anya kuita, na kitu ambacho watu wanahangaika kukunyang'anya hakiwezi kuwa cha kukushusha.

Akanyoosha kidole, akabonyeza.

Kengele haikupata nafasi ya kulia vizuri. Kishindo alikuwa mlangoni, anahema, mlango kaushika kwa mkono usipige ukuta.

"Umeita, bibi?"

"Nimeita."

"Nikusaidie nini?"

Kwa kuwa neno lenyewe halikuwa limezoea kupita kinywani mwake, Mama Pasi alilisukuma nje kwa ukali, kama anayekamua blanketi.

"Shuka hii. Haikusuuzwa. Imejaa povu kavu, nimeilalia tangu nilipokuja na mgongo wote umetoka vipele. Nibadilishie. Na kabla hujaniletea nyingine itie kwenye maji safi, uikamue, uitie tena kwenye maji safi. Mara mbili. Siyo kuichovya."

"Bibi, kufua siyo kazi yangu, kuna watu wa—"

Mama Pasi aliuweka mkono juu ya kitufe.

Kishindo alikunja mikono ya gauni lake, akaanza kuitoa ile shuka upande wa miguuni, kimya. Hakusema samahani, na hakuombwa aseme. Alipoinama kumgeuza, alitaka kutabasamu kidogo.

"Usinichekee," alisema Mama Pasi. "Shika nyonga vizuri."